Kopo la wifi lina "sukari za maziwa ya mama". Je, nimwache mtoto niende mafunzoni?

Shikamoo mama mshauri,

Nina miaka ishirini na tisa, nimeolewa, naishi Makorora hapa Tanga. Nina watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka mitatu. Wa pili ni binti, ametimiza wiki kumi. Ananyonya vizuri, kliniki wanasema uzito unapanda inavyotakiwa, na mpaka leo hajaonja kitu zaidi ya ziwa langu.

Nafanya kazi ya uhasibu kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo. Likizo ya uzazi inakaribia kwisha. Juzijuzi meneja alinipigia simu kunipa hongera, halafu akaniambia kuwa nafasi ya mhasibu mkuu wa tawi iko wazi na jina langu limependekezwa. Sharti ni mafunzo ya wiki sita makao makuu, Dar es Salaam, yanayoanza mara tu likizo ikiisha. Nafasi hiyo nimeitamani tangu nilipoajiriwa. Mshahara wake ungetutoa kwenye nyumba hii tunayogombania bomba na wapangaji wenzetu, na kaka mtu angeanza shule nzuri.

Nilipomweleza mume wangu hakusita. Alisema, "Nenda. Mtoto atabaki na mama, na maziwa yapo." Maziwa anayoyasema ni ya kopo. Dada yake, yaani wifi yangu, anaishi Maskati na familia yake, na nilipojifungua alimpa mtu aliyekuwa anakuja Tanga makopo manne makubwa atuletee. Yana maandishi ya Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na katikati kuna duara la dhahabu limeandikwa HMO. Wifi akanitumia ujumbe mrefu wa sauti akieleza kwamba wataalamu wamezitambua sukari zinazopatikana kwenye maziwa ya mama, sasa wanazitia kwenye kopo, kwa hiyo "halina tofauti tena na ziwa". Wanawe wamekulia hayo na kwa kweli ni watoto wenye afya. Mume wangu ameusikiliza ujumbe ule mpaka ameukariri. Kila nikitia neno ananijibu, "Sasa si lina kila kitu chako?"

Maneno hayo yananiuma kuliko ninavyoweza kueleza. Usiku kucha naamka, mgongo unawaka, nikitoka kwenda dukani tu gauni linalowa kifuani, halafu naambiwa kila kitu changu kimo koponi. Lakini sitaki kukuficha, mama: kuna saa natamani sana iwe kweli. Natamani mtu mwenye elimu aniambie "ndiyo, ni yale yale", nifunge begi niende bila moyo kunisuta.

Mwenye hofu kubwa ni mama mkwe, na yeye ndiye atakayebaki na mtoto. Kaka mtu alianzishiwa kopo akiwa na miezi miwili, kwa sababu tuliambiwa maziwa yangu ni machache. Haukupita muda akaharisha mpaka akalazwa na kutundikiwa dripu. Mama mkwe alilala wodini pamoja nami, na tangu hapo kopo kwake ni adui. Tena alipoelezwa maana ya ile HMO, alilichukua kopo akalisogeza dirishani, akaligeuza huku na huku, akauliza: "Haya maziwa ya mama ni ya mama gani? Mwanamke gani huko amekamuliwa? Mjukuu wangu akinywa haya, kesho akaja kuposwa na mtoto wa mwanamke huyo, si ndugu wa kunyonya hao?" Sisi ni Waislamu, jambo hilo kwetu si dogo. Mume wangu alicheka, mama akanuna, na mpaka leo hakuna aliyemjibu.

Nikaingia mtandaoni mwenyewe. Nikasoma kuwa sukari hizo hazitoki kwa mwanamke yeyote, zinatengenezwa na bakteria, tena wa jamii ya wale wanaoishi kwenye kinyesi. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Mama mkwe sijamwambia.

Nimeulizia aina hiyo kwenye duka moja la Dar, na kopo moja linakaribia nusu ya kodi yetu ya mwezi. Wifi anasema ataendelea kutuma, ila inategemea kama kuna mtu anayekuja.

Meneja anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nikikataa, nafasi atapewa mwenzangu na sijui kama nitakumbukwa tena. Nikienda, naogopa kurudi nikute ziwa limekauka na mtoto ananiona mgeni, au nipigiwe simu kuwa amelazwa kama kaka yake. Je, kopo hili ni sawa na maziwa yangu? Na mimi ninayetamani kwenda, ni mama wa namna gani?

Mama wa Wawili, Tanga

*

Marahaba, mwanangu, na hongera ya uzazi.

Umeniandikia mambo matatu kwa mpigo: kopo na kilichomo, kazi na safari yake, na hilo swali la mwisho kuhusu wewe ni mama wa namna gani. Nyumbani kwenu yote yamekuwa jambo moja, ndiyo maana kila mazungumzo yanaishia kwenye duara la dhahabu. Nitaanza na kopo, kwa sababu hapo kuna mambo yanayojulikana kwa uhakika, na ukishayajua utaona ni kiasi gani cha uamuzi wenu kinaweza kubebwa nalo.

Wifi yako hakukudanganya. Maziwa ya mwanamke yana kundi la sukari zinazoitwa oligosakaridi, na HMO ni herufi za kwanza za jina lao la Kiingereza. Ukiyaondoa maji, kilicho kingi zaidi kwenye maziwa yako ni laktozi, kisha mafuta, kisha sukari hizi. Lita moja ina kama gramu 5 hadi 15, na dang'a ile ya siku za mwanzo huwa na zaidi. La kushangaza ni kwamba mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Zinapita tumboni zikiwa nzima mpaka utumbo mpana, na huko zinaliwa na bakteria wema, hasa wale wanaoitwa bifidobakteria. Hao wakistawi, utumbo unakuwa na tindikali kidogo na vijidudu vya maradhi vinakosa pa kukaa. Nyingine zina umbo linalofanana na sehemu za ukuta wa utumbo ambazo vijidudu hupenda kujishikiza, kwa hiyo kijidudu kinaikamata sukari badala ya kumkamata mtoto, na kinatoka na choo. Huko Mexico, watafiti waliofuatilia watoto wanaonyonya walichapisha mwaka 2004 kwamba wale ambao maziwa ya mama zao yalikuwa na kwa wingi sukari moja kati ya hizo, 2'-fukosilaktozi, walipata kwa uchache zaidi ule ugonjwa wa kuharisha unaoletwa na bakteria aitwaye Campylobacter. Hayo yalionekana kwenye ziwa, si kwenye kopo.

Sasa geuza kopo usome orodha ya viungo. Utaikuta sukari hiyo hiyo, imeandikwa 2'-FL. Kwa makopo mengi huwa peke yake au na mwenzake mmoja, na yale ya bei ya juu sana huwa nazo tano au sita. Sukari zilizokwisha kutambuliwa kwenye maziwa ya wanawake zimepita 150. Hiyo iliyomo koponi ni ya kweli, haina tofauti yoyote na ile inayotoka kwenye titi. Lakini ukitia hiliki na mdalasini kwenye wali mweupe, harufu ya pilau itakuwepo na bado hujapika pilau. Maziwa yako yana kingamwili ulizozitengeneza dhidi ya vijidudu vya humo humo Makorora mnamoishi. Yana seli hai na vimeng'enya, na yanabadilika binti anavyokua. Kopo la leo na la mwezi ujao ni lile lile.

Makopo yenye 2'-FL yalianza kuuzwa Marekani mwaka 2016, na mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ukaidhinisha sukari hiyo itumike. Kuidhinishwa maana yake ilipimwa ikaonekana ni salama, watoto wanakua nayo vizuri. Kama ni ya lazima, hilo ni jambo lingine, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikwisha kusema mwaka 2014 kwamba hakuna ulazima wa kutia sukari za namna hii kwenye maziwa ya watoto. Tafiti zenye matumaini zipo. Mmoja wa mwaka 2017, wa watoto 175 wa Italia na Ubelgiji, ulikuta wazazi wa waliopewa kopo lenye sukari mbili wakiripoti mkamba kwa uchache na antibiotiki chache kuliko wenzao. Naufurahia kwa ajili ya watoto wanaotegemea kopo. Ila uligharamiwa na mtengenezaji, swali lake kuu lilikuwa ukuaji wa uzito, na ulilinganisha kopo na kopo. Mama anayepaswa kuchagua kati ya makopo mawili ana la kujifunza hapo. Wewe hujaulizwa hilo.

Kuna na hili, ambalo pengine litakupunguzia uchungu wa yale maneno ya mumeo. Katika jamii nyingi zilizopimwa, karibu mwanamke mmoja kati ya watano hatengenezi 2'-FL, au anatengeneza kidogo mno, kwa sababu ya jeni alilozaliwa nalo. Watoto wao wananyonya na wanakua. Inawezekana kabisa kwamba wewe ni mmoja wao, na kwamba kopo lina kitu ambacho ziwa lako halina, huku kadi ya kliniki ya binti inapanda vilevile. Kwa hiyo "kila kitu chako" ni maneno yasiyokaa sawa ukiyatazama upande wowote. Thamani ya unachompa mtoto haipimwi kwa sukari moja, iwepo au isiwepo.

Nije kwa mama mkwe, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyeuliza swali zito kuliko wote hapo nyumbani, na hakustahili kuchekwa. Jibu lake ni kwamba hakuna mwanamke aliyekamuliwa. Ulichosoma ni kweli: sukari hiyo hutengenezwa na bakteria, mara nyingi E. koli, jamii ambayo kwa asili huishi matumboni. Wanaotumika ni wa maabara, wa aina isiyoleta ugonjwa, waliobadilishwa jeni ili wakilishwa laktozi wageuze kuwa 2'-FL. Kisha bakteria wanachujwa, sukari inasafishwa na kukaushwa ikawa unga mweupe. Insulini ya wagonjwa wa kisukari imekuwa ikitengenezwa kwa bakteria wa jamii hiyo hiyo tangu miaka ya 1980, na wazee wetu wengi wanajichoma kila siku. Maziwa yenyewe ya kopo kwa kawaida ni ya ng'ombe.

Hukumu ya udugu wa kunyonya sina mamlaka ya kuitoa. Mpelekeni swali shekhe mnayemwamini, ila mwende na maelezo haya, ili ajibu kuhusu kitu chenyewe na asijibu kuhusu neno "maziwa ya mama" lililo kwenye lebo. Mkiwa na shaka juu ya viungo vingine, tazameni kama kopo lina alama ya halali. Na hiyo habari ya bakteria usimfiche mama. Kama kuna siku mtoto atalishwa kopo, atakayechemsha maji ni yeye. Akiambiwa na jirani baada ya wewe kuondoka, atajiona alitumiwa.

Kuhusu kaka mtu, nimesikia uchungu mlioupata wodini. Mnasema lilikuwa kopo, na yawezekana. Lakini "kopo" ni mambo mengi: unga wenyewe, ambao kiwandani hautoki ukiwa hauna kijidudu hata kimoja, maji, chupa, chuchu ya chupa yenye mikunjo isiyosafishika, maziwa yaliyochanganywa asubuhi na kunywewa mchana. Hakuna sukari ya aina yoyote inayosafisha maji. Shirika la Afya Duniani linashauri unga uchanganywe na maji yaliyochemka na ambayo bado yana joto lisilopungua nyuzi 70, kisha maziwa yapozwe haraka, yanywewe ndani ya saa mbili, na yanayobaki yamwagwe. Maji ya chupa ya thamosi yaliyolala usiku kucha hayafiki joto hilo. Kikombe kidogo kilicho wazi ni rahisi kukisafisha kuliko chupa, na hata mtoto mchanga anaweza kunyweshwa nacho. Usiidharau hofu ya mama mkwe. Mtu aliyelala wodini na mjukuu huenda akawa mwangalifu zaidi ya yule anayeamini duara la dhahabu litamlinda mtoto.

Halafu kuna hesabu, na wewe ni mhasibu. Mtoto wa miezi mitatu anayeishi kwa kopo tupu humaliza kopo la gramu 800 kwa takriban wiki moja. Makopo manne hayafiki wiki sita. Mtu wa kutoka Maskati akichelewa, nyumba nyingi hufanya moja kati ya mawili: kukopa, au kupunguza vijiko ili unga ufike mbali. La pili ni hatari hasa, kwa sababu mtoto anajaa maji na kudhoofu huku anaonekana anashiba. Ikifika mahali kopo limeamuliwa, kopo la kawaida la hapa nchini lililothibitishwa na linalofaa umri wake, hata bila HMO, lina virutubisho vyote vinavyotakiwa. Madukani utaona pia yameandikwa GOS. Hizo ni sukari nyingine, zinatokana na laktozi ya ng'ombe, nazo hulisha bakteria wema. Jirani zenu wa Msambweni, ng'ambo ya mpaka huko Kenya, watoto wao walishiriki utafiti uliochapishwa 2017, na GOS zilipotiwa kwenye uji wenye madini ya chuma zilipunguza madhara ya chuma kwenye utumbo. Usikope kwa ajili ya herufi tatu. Na hayo makopo ya wifi, kabla ya lolote, soma tarehe ya mwisho na namba ya hatua: linalomfaa binti yako ni namba 1.

Sasa safari. Umeniandikia kana kwamba milango ni miwili, kwenda na kumwacha au kubaki na kupoteza. Barua nzima sijaona mahali ulipomuuliza meneja kitu chochote. Huenda kuna sababu, unamjua wewe. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, na mafunzo ya mwajiri ni kazi. Je, unaweza kwenda naye Dar, pamoja na ndugu wa kumshika, mkakaa karibu na ofisi? Gharama ipo, kaka mtu atawakosa wote wawili, na wiki za kwanza utakuwa umechoka darasani kuliko wenzako wote. Je, mafunzo yanaweza kugawanywa, au ukaunganisha likizo ya mwaka ili uingie kundi linalofuata? Hapo unahatarisha nafasi kupewa mwingine wakati unasubiri, na siwezi kukuambia hatari hiyo ni ndogo.

Ukiona bora kumwacha na bibi yake, bado ziwa halilazimiki kufa. Unaweza kuanza kukamua na kugandisha sasa, ukikumbuka umeme wa kwenu. Kwenye friji, maziwa yaliyokamuliwa hukaa mpaka siku nne. Mezani ni saa nne tu, na kwa joto la Tanga ni bora yasifike hata hizo. Ukiwa Dar utakamua kila ulipokuwa ukimnyonyesha, kama kila saa tatu, na usiku pia, kwa sababu titi lisilotolewa linapunguza, na likijaa sana linaweza kuvimba na kukuletea homa. Basi la Tanga linakurudisha mwishoni mwa wiki, mtoto alishike ziwa tena. Ni kazi ngumu, sikupambi. Wapo waliofanya hivyo wakarudi mtoto akalikumbatia ziwa siku ile ile, na wapo ambao mtoto alilikataa. Yakipungua, mara nyingi huongezeka tena mtoto akiwekwa titini mara kwa mara na mama akipata msaada wa muuguzi anayejua, lakini hakuna wa kukuhakikishia hilo leo.

Na ukikataa safari, hilo nalo lina bei. Kuna mama anayebaki nyumbani na moyo wake ukatulia, na kuna anayebaki na kila mwisho wa mwezi akimtazama mtoto anaiona ile nafasi. Wewe ni yupi, unajua mwenyewe kuliko mimi. Naomba ujiulize wakati umeshiba na umelala kidogo, usijiulize saa tisa usiku.

Jambo ambalo sijaliona kwenye barua, na huwa linasahaulika: kunyonyesha peke yake, usiku na mchana, kama hedhi haijarudi, kunakukinga na mimba kwa sehemu kubwa katika miezi sita ya mwanzo. Kopo likiingia, au ukikaa Dar ukirudi Ijumaa, kinga hiyo si ya kuitegemea tena. Pita kliniki muongee uzazi wa mpango kabla ya kupanda basi.

Umeniuliza ni mama wa namna gani anayetamani kwenda. Nimesoma barua ya mwanamke anayetaka nyumba yenye bomba lake, shule ya mwanawe, na kazi aliyoisomea, na ambaye hajatoa hata tone la uji kwa mtoto wa wiki kumi. Sioni mahali ambapo matamanio hayo yamemdhuru mtu. Kilichokuumiza, nadhani, ni kwamba mumeo alikupa ruhusa kwa maneno yaliyokufuta. Lakini hebu fikiri kama yeye alidhani anakutua mzigo: "nenda, usiwe na wasiwasi." Yawezekana nimekosea. Muulize, na umwambie neno lenyewe lililokuchoma, kwa sababu hawezi kulikisia. Na wifi naye ni mwanamke aliyelea watoto ugenini, mbali na mama yake. Akilisifu kopo, huenda anazungumza na nafsi yake pia. Kumwambia kwamba kopo si sawa na ziwa kunaweza kusikika kwake kama umewasema wanawe. Mshukuru kwa zawadi kwanza, halafu mwambie ukweli kuhusu bei na kuchelewa kwa watu wanaokuja.

Mnaposoma Al-Baqara, aya ya 233, mnakuta mama wakitajiwa miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na papo hapo wazazi wakitajiwa kumwachisha kwa kuridhiana na kushauriana, bila lawama juu yao. Ninyi hamjashauriana bado. Mumeo amenukuu ujumbe wa sauti, mama ameuliza akachekwa, nawe umesoma peke yako usiku. Kaeni watatu, siku ambayo kaka mtu amelala mapema. Aanze mama mkwe kusema anachoweza na asichoweza kukifanya kwa wiki sita, maana hata yeye hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari.

Kabla ya kikao hicho mpigie meneja, umuulize mambo mawili tu: kama mafunzo yanaweza kusogezwa au kugawanywa, na kama utapewa saa zako za kunyonyesha ukienda na mtoto. Hujamkubalia wala kumkatalia. Majibu yake, hata yakiwa mabaya, yataingia kwenye mazungumzo yenu mkiwa mnajua mnachochagua. Na mwisho wa mwezi ukikaribia kabla hamjaelewana, omba siku chache zaidi, kwa maandishi.